Usiliwashe Kwanza: Datsun 240Z Iliyofungiwa Nyali

Gari la zamani likitolewa bandani, hata kabla halijafutwa vumbi, hakosi mtu wa kusema, "Leteni betri tuone kama linawaka." Kwetu aliyesema alikuwa binamu yangu, na hakuishia kusema. Alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu mwilini, betri begani na waya mbili shingoni. Nilimrudisha na betri yake. Alininunia, na watu wa nyumbani wakasema nimeleta kiburi cha kufundisha fizikia mpaka kwenye mambo ya familia. Betri ile ingenigharimu injini. Na nikihesabu pesa zote zilizokwenda bure katika kazi hii, karibu zote zilipotea pale mtu alipotaka kuona au kusikia kitu kabla ya wakati wake.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, milango miwili ya kukaa watu wawili, injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2393, kabureta mbili. Japani liliitwa Fairlady Z. Nje liliuzwa kwa jina la 240Z kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi 1973, na walionunua wengi walikuwa Wamarekani. Huku kwetu jina lake lilijengwa na Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo, na Shekhar Mehta akaja wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe, Lofty Drews akiwa pembeni yake akimsomea njia. Safari hiyo alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, ikabidi mshindi atafutwe kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Ami yangu alikuwa kijana wakati huo, na hadithi hiyo ya mwaka 1973 aliisimulia kila Pasaka, kila mara na vumbi zaidi.

Alilinunua lake mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Alikwenda nalo Nairobi na kurudi, alilipeleka harusini, sisi watoto alitukataza hata kuliegemea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 macho yakaanza kumsumbua. Akaliegesha kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, Nyali, Mombasa, akalifunika turubai la plastiki, akatia kufuli. Aliamini amelihifadhi. Lakini Nyali upepo wa bahari huingia mpaka kabatini, na turubai la plastiki hufungia unyevu ndani badala ya kuuzuia nje. Lau angelifunika shuka za pamba na kuacha upande mmoja wa banda wazi, ningeokoa chuma kingi. Kwa hiyo kama unataka kulilaza gari lako kwa muda mrefu: kitambaa kinachopumua, betri itolewe, gari likae juu ya stendi matairi yasiguse chini, na tanki ama tupu kabisa ama limejaa pomoni. Tanki la nusu ndilo linaloota kutu.

Ami alipofariki gari likawa mirathi, na hapo nilikaa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kila mtu alisema, "Lichukue tu, nani analitaka?" Mjane wa ami, ambaye sote twamwita Mama, aliniambia, "Mwanangu, hilo sasa ni banda la kuku, liondoe nipate pa kuanikia." Lakini gari la marehemu si la mjane peke yake wala la mtoto mkubwa. Tulikwenda Mahakama ya Kadhi, warithi wakatambuliwa, Mama akahesabiwa thumuni yake, watoto wa kiume na wa kike mafungu yao, nami nikawanunua wote kwa bei waliyokubaliana, kila mmoja akatia saini. Nililipa shilingi laki nne kwa kitu ambacho mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekitolea elfu arobaini. Walionicheka hawakuwa wachache. Baadaye sana, gari lilipokuwa limesimama kwa magurudumu yake na rangi imekauka, mmoja wa warithi aliyeko Muscat alipiga simu kuulizia "lile gari la baba, liko katika hali gani siku hizi?" Nilimtumia nakala ya karatasi yenye saini yake mwenyewe, tukaendelea kuzungumza habari za watoto.

Logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari, ilipatikana ndani ya msahafu wa zamani, imekunjwa mara nne. Kabla ya kutoa hata senti nilichukua brashi ya waya na mafuta ya taa nikasugua namba ya chesisi, ambayo kwenye gari hili imepigwa juu ya ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dashibodi. Inaanza na HS30, maana yake usukani uko kulia. Yale yaliyokwenda Marekani huanza na HLS30. Ililingana na logbuku, na namba ya injini nayo ikalingana. Zisingelingana ningeondoka. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishapita miaka minane, kwa hiyo bodi ya 240Z yenye karatasi halali ni mali hata ikiwa imeoza. Ukipewa uchague kati ya gari zuri lisilo na karatasi na bovu lenye karatasi, chukua bovu. Kutu hukatwa kwa grainda. Faili iliyopotea ofisini haina grainda.

Tukafika siku ya kulitoa. Kosa la kawaida ni kulifunga kamba na kulivuta. Breki za nyuma za gari hili ni za drami, na baada ya miaka ya kusimama viatu vya breki hushikana na drami kama vimechomewa. Ukivuta kwa nguvu unapasua drami, nazo ni za aluminiamu yenye mapezi, si kitu utakachokiokota barabarani. Tulilipandisha jeki, tukafungua magurudumu, tukapiga drami taratibu kwa nyundo ya mbao huku tukinyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, mpaka zikaachia. Ndipo likapandishwa lorini kwa winchi. Ndani tulikuta viota vya panya vitatu, vyote vimetengenezwa kwa sponji ya viti na plastiki ya waya.

Niliweka kanuni mbili siku hiyo ambazo bado nazishukuru. Hakuna kitu kinachofunguliwa kabla ya kupigwa picha, na hakuna kilichooza kinachotupwa kabla ya kipya kufika na kulinganishwa. Kila nati ilitiwa kwenye mfuko mdogo wa plastiki na karatasi yenye maelezo. Andika kwa penseli; wino wa kalamu hufutika mafuta yakiugusa. Mafundi walinicheka kwa mifuko ile, wakaniita mwalimu wa darasa la kwanza. Wakati wa kufunga, kila mtu alikuwa anauliza, "Mwalimu, mfuko wa bawaba uko wapi?"

Sasa injini. Injini iliyosimama miaka mingi haiko kama ilivyoachwa. Kati ya silinda sita daima kuna ambayo valvu yake ilibaki wazi siku gari lilipozimwa, na kupitia hapo hewa ya Pwani huingia mpaka kwenye ukuta wa silinda. Ringi za pistoni hushikana na kutu. Stata ina nguvu ya kutosha kuivunja ringi hiyo, au kukwangua silinda, kwa sekunde moja tu ya ile raha ya kusikia. Tukatoa plagi zote sita, tukamimina katika kila tundu mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na dizeli kidogo, tukaziba kwa vitambaa, tukaacha. Tuliongeza kila yalipokauka. Mwishowe tukaweka spana kwenye nati ya puli ya mbele na kujaribu kuzungusha kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma, bila bomba la kurefusha spana. Iligoma, ikagoma, kisha ikasogea upana wa ukucha.

Hata ilipozunguka sikuiwasha. Tulifungua silinda hedi, na ndipo binamu yangu nilipomwita aje aone. Silinda ya tano ilikuwa na duara la kutu lililosimama kama ngazi, mahali hasa pistoni ilipokuwa imelala. Alitia kidole akalipapasa, akasema "Allah", akatoka nje kuvuta sigara. Karakana ya mashine ilichimba silinda zote nusu milimita, tukafunga pistoni za saizi ya juu. Hedi ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na njia za maji zilikuwa zimeliwa kwa sababu ami, kama watu wengi wa mtaa wetu, alijaza rejeta maji ya kisima, na visima vya Nyali vina chumvi. Sehemu hizo zilijazwa kwa kuchomelewa, kisha hedi ikapangwa upya. Wakati huo huo nikabadilisha viti vya valvu za ekzosti kwa vigumu zaidi, kwani gari lililala enzi za petroli yenye risasi, madini yaliyokuwa yakivilinda viti hivyo, na Kenya iliachana nayo mwaka 2006. Fundi wa mashine aliniambia naweza kuendesha miaka bila kubadilisha. Pengine. Lakini hedi ilikuwa tayari mezani, na gharama kubwa ni kuifungua, si kiti chenyewe.

Neno moja kuhusu tanki, na hili nalisema kwa sauti kubwa. Tanki lilikuwa na petroli iliyogeuka kuwa kitu cha kahawia kinachonata, harufu yake ya rangi ya viatu. Lilikuwa pia na matundu ya kutu. Kijana mmoja gereji alishawasha mtungi wa gesi alichomee. Tanki la petroli haliwi tupu kwa kuwa limemwagwa. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka, na mvuke huo hukaa miaka. Lisafishwe kwa maji ya moto na sabuni kwa kurudiarudia, na kazi ya kuchomea aachiwe fundi wa rejeta anayelijaza maji au gesi isiyowaka kabla ya kusogeza moto. Nililitoa tanki langu mikononi mwa kijana yule tukagombana mbele ya watu. Afadhali ugomvi.

Pesa nyingi, zaidi ya nusu ya yote, zililiwa na bodi. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea chini yake kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na uzito mwingi unabebwa na masanduku mawili ya chuma yaliyo chini ya milango. Yakioza, gari bado litang'aa, bado litakwenda, lakini unakalia karatasi. Mahali pengine pa kuangalia ni chini ya betri, ambako asidi hudondoka. Sakafu ya miguu. Reli mbili zinazopita chini ya sakafu hiyo. Matao ya magurudumu ya nyuma. Shimo la tairi la akiba. Na chini ya kioo cha mbele, ambako majani huziba tundu la kutolea maji. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa isikwaruze rangi, ipitishe kila mahali. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti, si chuma. Kisha chukua bisibisi ubonyeze kwa chini. Muuzaji akikukataza kubonyeza, ameshakujibu.

Fundi wa kwanza wa bodi alikuwa hodari wa kuzungumza. Alinionyesha magari aliyoyapaka, yanang'aa kweli. Nilisafiri kwa mitihani ya wanafunzi, niliporudi gari lilikuwa tayari na praima, nyororo kama yai. Nikapitisha sumaku kwenye masanduku ya chini. Ikadondoka. Alikuwa amekata bati jembamba, akalifunga kwa vijiti vya ribiti juu ya kutu, akajaza puti na kusugua. Sikupata pesa yangu hata nusu. Alichoniuzia ni picha ya gari, na kusema kweli wateja wengi ndicho wanachonunua kwake, kwa sababu wanakuja wakiuliza "rangi lini?" badala ya "nionyeshe chuma kabla hujafunika." Tangu hapo malipo yangu yote yakawa kwa hatua: chuma kikatwe, nikione; kichomewe, nikione; kipakwe dawa ya kutu ndani, nikione; ndipo puti, ikiwa inahitajika, isizidi unene wa ganda la chungwa.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa Changamwe, mpole, mwenye kusikia sikio moja. Siku ya kwanza hakugusa grainda. Alifunga na kufungua milango, akapima kwa kamba pembe hadi pembe, akaandika ukutani kwa chaki. Kisha akachomea vyuma vya mraba kukatiza nafasi za milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. "Mwalimu," aliniambia, "gari hili ukilikata sanduku bila kulifunga, linajikunja katikati, na mlango hautafunga tena maishani." Alikata upande mmoja tu, akaumaliza, ndipo akahamia wa pili. Kwa masanduku na reli alitumia bati la geji 18. Kwa sakafu na matao geji 20, ambayo ni nyembamba zaidi. Mashine yake ilikuwa ya kuchomea kwa waya na gesi, kwani ile ya vijiti vya kawaida hutoboa bati jembamba, na alichomea nukta moja hapa, moja kule, akiacha chuma kipoe kisijipinde. Ilikuwa kazi ya polepole ya kukatisha tamaa. Alilipwa mara mbili ya yule wa kwanza na nilimwona wa bei rahisi.

Hewa ya Pwani ina ratiba yake nayo. Chuma kilichosuguliwa jioni kikaachwa wazi, alfajiri kimeshageuka rangi ya chungwa. Tulisugua asubuhi na kupaka praima kabla ya adhuhuri, siku hiyo hiyo. Rangi yenyewe tulingoja kaskazi. Kupaka rangi msimu wa masika ni kuufungia unyevu chini yake, na malengelenge yatakutokea mwaka ukizunguka. Ndani ya masanduku, ambako hakuna brashi inayofika, tulipuliza nta ya maji kupitia matundu ya kutolea maji. Hakuna atakayeiona kazi hiyo, na kama ningelazimika kukata bajeti ningekata rangi kabla ya kuikata nta.

Rangi ilileta mkutano wa ukoo. Magari ya Datsun ya Safari yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi, na kila mtu, kuanzia binamu mpaka muuza kahawa wa pale gereji, alitaka liwe hivyo, na namba milangoni. Nilipobandua zulia nikakuta rangi ya kiwandani haijaguswa: nyeupe, namba 904, ile ambayo wapenzi wa gari hili huiita Kilimanjaro White. Gari la ami halikushindana popote. Lilipeleka mabibi harusi Kisauni na kuleta mikungu ya ndizi kutoka Taveta. Kulivisha nguo za Mehta ni kulipa wasifu usio wake, na tayari mekundu ya kuiga yapo mengi. Nililipaka nyeupe. Mama alisema linafanana na gari la hospitali. Nimekubali.

Spea haziogopeshi kama watu wanavyodhani, mradi ujue udugu wa injini. Familia hii ya injini Nissan iliitumia kwenye magari mengi, ikiwemo Cedric kubwa na Patrol za zamani zenye injini ya L28, kwa hiyo pampu ya maji, cheni ya taimingi na sili nyingi hupatikana kwa wazee wa spea wa Kirinyaga Road, Nairobi, ukiwa na subira ya kukaa kwenye stuli wapekue. Lakini udugu si usawa. Tundu la silinda la L24, injini ya 240Z, ni milimita 83, la L28 ni 86. Gasketi ya hedi ya L28 itakaa vizuri machoni huku ikiacha ukingo wazi kuzunguka kila silinda. Pima kwa kalipa kabla ya kulipa. Bearingi usiziulize kwa jina la gari, uliza kwa namba iliyochongwa pembeni yake. Duka lolote la bearingi litakuuzia bila kujua ni ya Datsun au ya mashine ya kusaga. Hozi za breki zilitengenezwa upya kwa kipimo. Raba za milango na vioo niliagiza nje. Hapo kuna mtego: maduka mengi ya mtandaoni ni ya Marekani, na magari yao usukani uko kushoto, kwa hiyo dashibodi, vifaa vya wiper na mengine ya upande wa dereva hayatakaa. Kwa vitu hivyo tafuta Uingereza, Australia au Japani. Na bei ya tovuti si bei. Ukiongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za bandari, nilijizoeza kuhesabu kila kitu mara moja na nusu, na mara nyingi hata hivyo nilipungukiwa.

Breki nilibadilisha kila kilicho cha raba, bila kujadili kipi kinafaa bado. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu huo ulikuwa umetoboa silinda mama kwa ndani ingawa nje ilionekana safi. Matairi nayo, hata yenye kashata nzuri, angalia namba nne za mwisho ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka lilipotengenezwa. Yangu hayakuwa nazo kabisa kwa jinsi yalivyokuwa ya zamani.

Wayaringi ulihitaji siku zake. Tulitengeneza upya palipoliwa na panya, kisha tukarekebisha udhaifu wa kuzaliwa wa gari hili: umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani na kwenye sanduku la fyuzi, na sanduku hilo huyeyuka. Fundi wa umeme alifunga rilei mbili karibu na betri, swichi ikabaki kutoa amri tu. Taa ziliongezeka mwanga papo hapo. Ni kazi ya bei ya chakula cha mchana cha watu wanne, na ningeifanya hata kwenye gari lisilosumbua.

Siku ya kuliwasha ilipofika nilishachoka kiasi cha kutosha kutokuwa na haraka. Valvu zilishapimwa injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za ekzosti. Tukatoa plagi tena, tukazungusha kwa stata mpaka sindano ya presha ya mafuta ikapanda, ili bearingi zisianze kavu. Kabureta tulizianzia kwa kushusha nozeli mizunguko miwili na nusu kutoka juu, tukatia mafuta mepesi kwenye vizuizi vya pistoni ndogo zilizo ndani ya kabureta hizo, kitu ambacho mafundi vijana hawakijui kwa sababu hawajakutana nacho. Waya za plagi zikafuata mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Binamu ndiye aliyeleta betri, nilimwomba mwenyewe. Liliguruma, likatoa moshi wa mafuta tuliyoyamimina, watoto wakakimbia. Kuzilinganisha kabureta tulitumia kipande cha hozi, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, mpaka mlio ukawa sawa pande zote mbili. Yule mzee wa Changamwe aliomba kusikiliza kwa sikio lake zima. Alisema ya nyuma inavuta zaidi, na kweli.

Jumla, pamoja na kuwanunua warithi, ilipita milioni mbili. Sitaandika ilipita kwa kiasi gani kwa sababu mume wangu husoma. Muda ulizidi miaka miwili, mwingi wake ukiwa wa kungoja: kungoja mahakama, meli, kaskazi, mshahara. Kama ningefungua daftari upya ningegawa pesa hivi: nusu chuma, robo injini na breki, iliyobaki kila kitu kingine, na kando ya hayo robo nyingine usiyoitaja kwa mtu. Bima kubwa ilikataliwa na kampuni ya kwanza kwa sababu ya umri wa gari. Ya pili ilikubali baada ya ripoti ya mthamini na picha zote za kazi. Zile picha nilizochekewa.

Mafuta ya injini nilibadilisha mapema, baada ya kilomita mia chache za kwanza, na tena muda si mrefu. Kwa sasa gia ya pili husaga ikiwa baridi, saa ya dashibodi imekufa, na kuna tatizo moja ambalo bado linanishinda. Kwenye foleni ya feri ya Likoni, jua la saa saba, ukizima injini na kungoja pantoni, joto la ekzosti hupanda moja kwa moja kwenye kabureta zilizo juu yake, petroli ikageuka mvuke kwenye mabomba, na gari haliwaki mpaka lipoe. Nimefunika bomba la petroli kwa kitambaa cha kuzuia joto, nimeweka bati la kinga chini ya kabureta, nimejifunza kufungua boneti kila nikisimama. Imepungua, haijaisha. Ninaloshauriwa ni kufunga pampu ya umeme nyuma karibu na tanki isukume badala ya ile ya mbele inayovuta, na swichi ya kuikata gari likipata ajali. Kama kuna mtu wa Pwani aliyemaliza tatizo hili bila pampu hiyo, anieleze amefanyaje, kwa sababu binamu yangu amekwishainunua na anataka tuifunge kesho.